Waya uliobaki kwenye boksi

Jumapili moja asubuhi, chai ikiwa bado mezani, simu iliita. Alikuwa Bi Mkubwa mwenye ghala la vyakula Darajani, ambaye kompyuta zake nazitazama mimi tangu siku alipokubali kuliweka daftari kando. Hata salamu hazikukamilika. "Mwanangu, kompyuta haijui tuna mchele kiasi gani."

Nilipofika nilikuta seva, kompyuta kuu ya ghala, inawaka vizuri tu, taa za kijani, feni inazunguka. Iliyogoma ni programu ya mauzo. Ni ya zamani, iliandikwa na kijana mmoja aliyekwishahamia nchi nyingine, na majedwali yake ndani ya hifadhidata ya MySQL yalikuwa ya aina ya MyISAM, aina isiyo na njia ya kujinasua umeme unapokatika katikati ya kuandika. Jedwali la bidhaa lilikuwa na alama ya kuharibika. Nilililazimisha kujitengeneza, likarudi, lakini mistari ya mwisho ya Jumamosi jioni haikurudi nalo. Bi Mkubwa na karani wake wakashinda hadi adhuhuri wakihesabu magunia kwa kidole, mimi nikiandika.

Kilichoniuma si jedwali. Kilichoniuma ni kwamba seva ile ilikuwa na UPS, kisanduku cha betri kinachoibeba umeme unapokatika. Niliichagua mwenyewe, nikaipakia kwenye vespa mwenyewe, nikaichomeka mwenyewe. Mlinzi wa usiku alinisimulia yaliyotokea bila kujua kwamba ananisomea mashtaka: umeme ulikatika baada ya isha, kile kidude kikaanza kulia, pii, pii, kikalia weee, mwisho kikatoa mlio mmoja mrefu, kisha kimya. Yaani UPS ilitimiza wajibu wake. Ilibeba mzigo, ikapiga kelele, ikaita kila mwenye masikio, na betri ilipokwisha seva ikaanguka vilevile ambavyo ingeanguka bila UPS. Nilichokuwa nimemnunulia Bi Mkubwa ni ajali ileile, iliyocheleweshwa dakika kumi na moja.

Niliinama chini ya meza nikalivuta boksi lake. Ndani yake, ukiwa bado umefungwa kwenye nailoni, ulikuwamo waya wa USB, ule ambao UPS huutumia kuiambia seva kwamba umeme umekatika.

*

Sijitetei, ila nieleze nilifikaje hapo, kwa kuwa najua siko peke yangu. Sisi wa Unguja tuna kisa chetu na giza. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na ule wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 kukatokea hitilafu, tukakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Nilikuwa mwanafunzi, na ninachokikumbuka zaidi ni mlio: kila baraza Mji Mkongwe lina kijenereta chake kinanguruma, harufu ya petroli imechanganyika na ya pweza wa kuchoma, na watu wamepanga foleni kuchaji simu kwa pesa. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na mambo yakabadilika, lakini somo lilikwishaingia kwenye damu. Umeme ukikatika, dawa yake ni chombo cha kuendelea nacho. Jenereta, inveta, sola, chochote, mradi shughuli isisimame.

UPS nayo tumeitia kwenye fungu hilo hilo. Tumeifanya jenereta ndogo isiyonywa mafuta. Siku nilipomwambia Bi Mkubwa kwamba kazi hasa ya ile UPS ni kuizima seva, alinikodolea macho kama niliyemwambia mwavuli umeshonwa kwa ajili ya kuingiza mvua.

"Nimetoa pesa yangu nikanunua kitu cha umeme, na wewe unataka ukitumie kuzima?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Ndiyo hasa."

Hesabu yake haina siri. UPS yetu ilikuwa ya VA 650, na watu wengi wakiona 650 hudhani ni wati. Sivyo, ya ukubwa huo kwa kawaida hubeba wati mia tatu na sitini hivi. Ndani yake mna betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Seva, ruta na kile kisanduku cha kuhifadhia nakala rudufu vilikuwa vinakula wati 150 kwa pamoja. Kwenye karatasi hiyo ni nusu saa na ushei. Lakini ile 7 iliyoandikwa ubavuni mwa betri hupimwa kwa kuinyonya polepole kwa muda wa saa 20. Ukiinyonya kwa pupa inatoa kidogo kuliko ilivyoahidi, na kazi ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230 nayo inakula sehemu yake. Ndiyo zile dakika kumi na moja, tena za betri mpya. Umeme ukicheza kidogo ukarudi, UPS itakusitiri. Ukiondoka kwelikweli, dakika kumi na moja hazikuuzii hata gunia la sukari. Zinatosha kwa jambo moja tu: seva ifunge vitabu vyake, iage, ilale.

Na jenereta? Bi Mkubwa anayo, nyuma ya ghala. Sina ugomvi nayo. Ila jenereta ni chombo kinachotakiwa kuamka wakati kila mtu anakihitaji, na vyombo vya namna hiyo vina tabia ya kutoamka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nchi nzima ilikosa umeme, na hata uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ulikaa gizani kwa sababu jenereta ya kutegemewa haikuwaka. Kama ilitokea pale, ya Darajani inayowashwa kwa kamba haina udhuru.

*

Basi nikautoa ule waya kwenye nailoni.

Seva ilikuwa ya Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, nikasakinisha NUT, ambayo kirefu chake ni Network UPS Tools. Ni programu huru, ya bure, na inazijua UPS za kampuni nyingi sana. Imegawanyika kama watu wa nyumba moja. Kuna kiendeshi, huyu anakaa na UPS na kuielewa lugha yake. Kuna upsd, anayepokea habari kutoka kwa kiendeshi na kuzitangaza kwa yeyote aulizaye, kupitia mlango wa 3493. Na kuna upsmon, mwenye kauli: anasikiliza, anaamua, anazima. Ukielewa kwamba hao ni watu tofauti, nusu ya tabu imekwisha, kwa sababu ikitokea hitilafu utajua nani wa kumuuliza.

Tabu yangu ya kwanza ilikuwa na kiendeshi. Kiliiona UPS lakini kikakataliwa kuigusa, kwa kuwa kinafanya kazi kwa jina la mtumiaji mwenye madaraka madogo na kile kifaa cha USB kilikuwa bado mikononi mwa mkuu wa mfumo. Kuchomoa na kuchomeka tena baada ya kusakinisha kulitosha. Nasema hivi kwa urahisi leo. Siku ile nilisoma kumbukumbu za mfumo hadi alasiri.

Ilipokubali, niliandika amri ya upsc na jina la UPS, ikanijibu mistari mingi: chaji ya betri, dakika zilizokadiriwa kubaki, volti zinazoingia, mzigo kwa asilimia. Nilitazama zile volti kwa muda mrefu. Saa nane mchana zilikuwa 231. Magharibi, mtaa mzima ukiwa umewasha mafriji na mapasi, 204. Ulikuwa mtaa ule ule niliokuwa nikiupita kila siku, na sikuwahi kuujua kwa sura hiyo.

Mstari wenye maana kuliko yote ni ups.status. Ukisoma OL, umeme upo. Ukisoma OB, tuko kwenye betri. Ikiongezeka LB, betri inakaribia kwisha. Upsmon akiachwa kama alivyozaliwa husubiri vyote viwili vikutane, OB na LB, ndipo azime. Na hapo ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi niliyoyasoma.

LB inatoka kwa UPS yenyewe, na UPS ya bei ya chini haijui betri yake vizuri. Inapima volti na kukisia. Betri ikiwa mpya, makisio si mabaya. Ikifika mwaka wa pili kwenye joto letu, itakuambia asilimia 100 asubuhi na jioni, na siku ya siku itashuka hadi 60, na kabla hujavaa viatu imezima. Nimeshuhudia kwa macho yangu. LB inafika pamoja na giza, au haifiki kabisa. Kuisubiri ni kumwomba mgonjwa akupangie siku ya maziko yake.

Kwa hiyo natumia saa badala ya chaji. Umeme ukikatika, hesabu inaanza. Ukirudi kabla ya dakika tatu, inafutwa. Usiporudi, tunazima, betri iwe imebaki kiasi chochote. Kwa NUT kazi hiyo ni ya upssched, mshika saa wa nyumba ile, na moyo wake ni mistari miwili:

AT ONBATT * START-TIMER zima 180
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima

Hilo "zima" ni jina nililolitunga. Unaweza kuiita saa yako unavyotaka. Muda ukitimia, upssched huita hati ndogo ya amri ambayo kazi yake ni kuandika upsmon -c fsd, yaani kutangaza kuzimwa kwa lazima. Mtego uliopo ni kwamba ndani ya upsmon.conf, faili la mipangilio ya upsmon, lazima uwaambie matukio ya ONBATT na ONLINE yatekeleze amri, neno EXEC, si kuandikwa kwenye kumbukumbu tu. Nililisahau neno hilo. Nikakaa nikiitazama seva inakula betri kwa utulivu kabisa, ikiandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri kwamba umeme umekatika.

Kwa nini dakika tatu? Hapo inabidi uinuke uende na saa ya mkononi. Nilizima seva kwa amri ya kawaida, umeme ukiwapo, nikahesabu. Ilichukua dakika nne na ushei! Nilitegemea nusu dakika. Kulikuwa na huduma moja iliyokuwa haisikii amri ya kusimama, na systemd, msimamizi wa huduma zote za Linux, huwa na subira ya sekunde 90 kwa kila mkaidi kabla ya kumkata. Na kulikuwa na mashine pepe ya Windows ya mhasibu, kompyuta inayoishi ndani ya seva kama programu, ambayo ilipoambiwa izime iliona ndiyo nafasi ya kusakinisha masasisho iliyokuwa imeyalimbikiza. Hebu fikiria: betri inakwisha, na mwenzako anakuambia usizime, niko asilimia 30. Yule mkaidi nilimrekebisha. Windows nikaiwekea siku yake, Ijumaa kabla ya sala, masasisho yafanyike na iwashwe upya mtu akiwapo. Muda ukashuka hadi dakika moja na sekunde arobaini.

Tatu za kusubiri na karibu mbili za kuzima, jumla haifiki tano, katika kumi na moja tulizonazo. Aliyeiona hesabu hii aliniambia nafuja, zingine sita zinakaa bure. Hazikai bure. Betri ya namna hii inahitaji saa kadhaa kujaa tena, na umeme ukikatika saa moja usiku una desturi ya kurudi saa mbili na kukatika tena saa mbili na robo. Zile sita ni za safari ya pili.

*

Mpangilio wa nani azime kwanza nilidhani ni jambo dogo. Kompyuta za makarani hazina UPS, kwa hiyo zenyewe zimekwishazima zamani. Kinachobaki ni seva na kile kisanduku cha nakala rudufu, ambacho hakina waya wa USB kwenda kwa UPS. Kinasikiliza habari kwa mtandao kutoka kwa upsd wa seva. Katika lugha ya NUT seva ndiyo mkuu na kisanduku ni mfuasi. Matoleo ya zamani yalitumia maneno ya bwana na mtumwa, na huku kwetu, ambako soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, sikuyasikitikia yalipoondolewa.

Kama mfuasi anasikiliza kwa mtandao, mtandao lazima uwe hai. Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zake, ilikuwa imechomekwa ukutani! Umeme ukikatika swichi inazima, na tangazo la kuzima halimfikii mtu. Ni kosa la kitoto na nimelikuta kwenye ofisi tatu baada ya hapo. Kwa bahati upsmon ana akili: akipoteza mawasiliano na UPS ambayo mara ya mwisho aliisikia iko kwenye betri, anachukulia hali ni mbaya na anazima. Lakini akipoteza mawasiliano kabla hajasikia lolote, anabaki kuulizia tu. Swichi iende kwenye UPS.

Lingine ni la ndani zaidi. Mkuu huwangoja wafuasi wakate mawasiliano kabla ya yeye kuzima, hadi sekunde 15 usipobadilisha. Nilifikiri kukata mawasiliano maana yake mfuasi amekwishazima. Sivyo. Mfuasi hukata mara tu anapoanza kuzima, na diski zake zinaweza kuwa bado zinaandika dakika nzima mbele. Mkuu akifanya haraka na kuiambia UPS ikate umeme, mfuasi anakatiwa akiwa katikati ya sala. Dawa ni FINALDELAY ya mkuu, subira yake ya mwisho kabla ya kuzima, ambayo huanza na sekunde 5. Yangu nimeipandisha hadi 60.

Hapo nimesema kitu bila kukieleza: kuiambia UPS ikate umeme. Kwa nini, wakati seva zimekwishazima?

Nilijua sababu yake siku ya Iddi pili, ghala limefungwa. Umeme ulikatika alfajiri. Dakika ya tatu saa ikatimia, tangazo la FSD likatoka. Tangazo hilo likishatoka halirudi, hata umeme urudi. Na umeme ukarudi dakika ya nne, seva ikiwa njiani kulala. Seva ikazima vizuri, kila kitu kimefungwa, hakuna jedwali lililoumia. Ikabaki hivyo. Siku nzima, na usiku, na kesho yake. Kwa upande wa seva umeme haukuwahi kukatika, kwa sababu UPS haikuacha kuilisha hata nukta moja, na seva huamka pale tu inapoona umeme umeondoka kisha umekuja. Ilikuwa imelala usingizi wa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kumekucha.

NUT inalijua hili. Upsmon anapozima huacha faili ndogo kama alama, POWERDOWNFLAG, na katika pumzi ya mwisho kabisa, diski zikiwa zimekwishafungwa, mfumo huiangalia alama hiyo. Ikiwapo, unaiagiza UPS: ngoja sekunde kadhaa, kata, kisha umeme wa ukutani ukiwapo, washa tena. Kwa UPS za USB desturi ni 20 za kukata na 30 za kuwasha, na ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza. Hivyo hata umeme ukirudi katikati, UPS bado inakata, na seva inapata ule mtikisiko wa kuiamsha.

Kisha unaingia kwenye mipangilio ya ubao mama wenyewe, ile inayofunguka kabla mfumo haujawaka, na kutafuta seva ifanye nini umeme unapokuja. Wengi huchagua irudi kwenye hali ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inasikika ya busara. Lakini hali ya mwisho ni ipi? Tumeizima sisi wenyewe, kwa adabu. Hali ya mwisho ni kuzimwa, na itaiheshimu. Chagua iwake kila umeme unapokuja.

Kuna UPS zinazohesabu kwa dakika nzima. Ukiziandikia sekunde 20 zinashusha hadi sifuri na kukata papo hapo. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma. Lazima ujaribu, na usijaribu na seva. Chukua globu mbili za zamani, zile za kupasha moto, zichomeke kwenye UPS badala ya seva, ipe seva umeme wa ukutani, kisha cheza nayo hadi uridhike. Na unapotaka kuigiza kukatika kwa umeme, usichomoe plagi ya UPS. Ukichomoa umeondoa na waya wa ardhi. Soketi zetu za pini tatu zina swichi pembeni. Bonyeza hiyo.

Kuwaka nako kuna adabu yake. Umeme unaporudi huku kwetu hauji ukakaa, unachungulia kwanza. Seva ikikimbilia kuwaka kwa mchungulio wa kwanza, itakutwa katikati ya kuamka na betri iliyochoka. Kwa hiyo mashine pepe zangu haziwaki zenyewe. Kuna hati fupi inayouliza upsc kila dakika chaji imefika ngapi, na hadi ifike 60 haziruhusiwi. Bi Mkubwa hulalamika kwamba baada ya umeme kurudi inabidi wasubiri. Namwambia anywe kahawa.

Kuhusu betri yenyewe sina mengi. Hizi za risasi na tindikali hutarajiwa kuishi miaka mitatu hadi mitano kwenye joto la nyuzi 25, na kwa kipimo cha mafundi, kila nyuzi 10 juu ya hapo hukata umri nusu. Kachumba ka seva Darajani mwezi wa Februari sijakapima; naogopa. Ninapobadilisha betri naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya plasta na kuibandika mbele ya UPS, mtu yeyote aione, na nabadilisha baada ya miaka miwili, iwe inasema asilimia 100 au haisemi.

*

Nikadhani nimemaliza. Nikafanya jaribio mbele ya Bi Mkubwa mwenyewe, saa mkononi. Nikabonyeza swichi ya soketi. Dakika tatu, tangazo. Karibu dakika ya sita feni zikanyamaza. UPS ikatoa mlio wake, ikakata. Nikarudisha umeme, nikanyamaza, naye akanyamaza, na baada ya muda seva ikawaka bila mkono wa mtu. "Imeamka yenyewe," akasema, kwa sauti ya kumsifu mtoto. Majedwali nilikwishayahamishia aina ya InnoDB, inayojua kujinasua. Kila kitu sawa.

Wiki chache baadaye nikaona kwenye kumbukumbu jambo nisilolielewa. Usiku mmoja umeme ulikatika saa nne. Saa ikaanza, na dakika moja na nusu baadaye kumbukumbu inakatika katikati ya mstari. Hakuna tangazo, hakuna kuzima. Betri ilikuwa mpya, plasta yake haijakauka vizuri. Nikarudi nyuma nikatazama mzigo kwa asilimia: kila usiku ulikuwa palepale, arobaini na kitu, isipokuwa usiku huo na nyingine mbili. Usiku huo ulipanda dakika moja baada ya umeme kukatika, kisha ghafla, mwishoni kabisa, hadi juu ya mia.

Nikaenda jioni, nikamkuta mlinzi ananyoosha mgongo kwenye benchi lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Kuna nini tena?"

Nikamuuliza, taratibu, kama siku ile umeme ulipokatika kuna kitu alikichomeka kule ndani. Hakuficha hata kidogo. Usiku ule palikuwa na mpira. Umeme ulipokatika alisikia kile kidude kinalia, akajua pale umeme upo, akahamishia televisheni. Mechi ikiendelea akakumbuka chai, akachomeka na birika.

Birika. Wati elfu moja na mia tano, kwenye UPS ya mia tatu na sitini.

"Mzee, birika!"

"Sasa si ulisema ni kwa ajili ya umeme ukikatika?"

Sikuwa na jawabu, kwa kuwa ni kweli nilisema hivyo, siku ya kwanza kabisa, waya wa USB ukiwa bado kwenye nailoni. Nikaziba soketi zilizobaki za UPS kwa plasta ileile ya betri, na nikamweleza mlinzi, kwa mara ya kwanza kwa kirefu, dakika kumi na moja ni za nani na zinafanya nini. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Nimefahamu, fundi. Kinazima ili kisiharibike." Akafikiri kidogo. "Na mpira je?"

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea inveta ndogo na betri kuukuu ya gari. Televisheni tu, nikamwambia. Chai anakoroga kwa mkaa.